Besi Iliyokaa Karibu na Ng'ombe

Jumanne, 4 Agosti 2009

Baridi. Upepo wa huku kwetu Daudi umeingia hadi ndani ya soksi. Naanza shajara upya. Ile ya mwaka jana niliishia tarehe sita Januari, iliyobaki wakaimalizia panya.

Leo nimeaibika. Stendi, mchana kweupe! Wolfgang, mwenye duka la CD linalotazamana na kibanda changu cha fotokopi, amepiga wimbo wa kwaya ya kwao Masakta. Umerekodiwa Arusha. Mabati yalitetemeka. Kuku walihama. Nikamwomba apige na wa kwaya yetu. Akaupiga. Watu wakadhani umeme umekatika. Mzee mmoja akauliza kama kuna mbu ndani ya spika.

Wolfgang akaniambia kwa upole kwamba wimbo ni mzuri, niuongeze sauti kidogo tu. Upole wa mshindi unauma kuliko matusi.

Wimbo wenyewe ni wa Mama Imakulata. Ameutunga yeye, anauongoza yeye, kwa ajili ya siku ya kubariki kanisa jipya la kigango chetu, tarehe 16. Tuliurekodi Mei, kifua chake kikiwa kizima. Sasa sauti imekauka, akiongea ni kama majani ya mahindi baada ya mavuno. Hospitali wamesema ahame baridi hii. Tarehe 17 anaondoka kwenda kuishi na binti yake Letisia, Dar es Salaam. Kwa hiyo hakuna kurudia kurekodi. Sauti yake yote iliyobaki iko kwenye kompyuta yangu, katikati ya barua za watu za kuomba kazi.

Na mtunzaji wa sauti hiyo ni mimi. Mungu ana utani.

Jumatano, 5 Agosti

Katekista Sebastiani ametoa uamuzi. Gari la padri litapokelewa kwa wimbo kutoka kwenye spika za Wolfgang. Upi? Ijumaa ya wiki ijayo zitapigwa zote mbili, yeye atasimama njia panda. Utakaosikika vizuri zaidi pale ndio utakaopokea. Nikauliza, je, maneno hayapimwi? Akajibu kwamba watu watapanga mstari hadi njia panda, na mtu hapokei mgeni kwa maneno asiyoyasikia.

Nimepita kwa Mama Imakulata. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Alivuta blanketi hadi kidevuni. Kisha akasema hangependa kuwaaga watu wake kwa wimbo wa watu wa Masakta.

Nikaahidi. Mimi huahidi upesi, ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Niandike na tulivyorekodi, maana vizazi vitauliza. Nilichagua tembe ya marehemu baba. Kuta nene za udongo, paa la udongo, hakuna bati la kugongwa na upepo. Ng'ombe wa Hilda, mke wangu, alibaki humo humo. Nilisema aachwe, ng'ombe hunywa mwangwi. Maikrofoni mbili. Moja mbele, kwa Mama Imakulata. Ya pili niliining'iniza nyuma kwenye boriti kwa ajili ya besi, bila kumwambia mtu. Kompyuta ilikuwa stoo. Nilikuwa nabonyeza kule, kisha nakimbia kuja kwenye nafasi yangu.

Na nafasi yangu! Kwaya yenyewe ilinipangia: ubavuni mwa ng'ombe. Kwetu mtu wa heshima haachwi mlangoni kwenye upepo, huwekwa ndani, upande wa joto la mifugo. Miaka kumi na tisa ya kuimba besi. Heshima huchelewa, lakini hufika.

Ijumaa, 7 Agosti

Mbinu ya kwanza. Nimevuta sauti zote juu hadi taa nyekundu ziwake. Nilidhani nyekundu ni hongera. Wimbo umepasuka wote, tra-tra-tra. Hilda ameuliza kutoka jikoni kama ninakaanga bisi.

Nimeshusha. Mbu amerudi.

Jumapili, 9 Agosti

Mbinu ya pili: upelelezi. Nilimtuma Yonas, tenori wetu, akaninunulie ile CD ya Masakta kimya kimya. Wolfgang akamwandikia risiti kwa jina langu.

Nimeisikiliza mara saba. Siri nimeiona: wimbo wao una uzito chini. Besi! Sasa, besi tunayo. Besi ni mimi. Nimechukua sauti ya maikrofoni ya nyuma nikaipandisha mara mbili.

Yonas amekuja kusikiliza. Akajikuna shingo. Akasema besi sasa inasikika sana. Akakaa. Akauliza kama haiwezekani isikike sana kidogo. Nikamjibu kwamba nyumba haijengwi bila msingi. Akasema hata msingi hufukiwa.

Wivu. Watu wa tenori ndivyo walivyo.

Jumanne, 11 Agosti

Nimepata! Ndani ya programu kuna kitufe kinachokandamiza sauti kubwa na kuinua ndogo, kisha unaupandisha wimbo mzima bila kupasuka. Ni kama kupanga watu wapigwe picha: warefu wachuchumae, wafupi wapande benchi, halafu mpiga picha anasogea karibu. Kila mtu anaonekana. Nimekibonyeza. Kikafanya kazi. Nikakibonyeza tena. Mara ya tatu nilikibonyeza kwa furaha tu.

Mama Imakulata alitoka ndani ya kompyuta kama yuko chumbani, mzima, wa Mei. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama.

Mwanzoni nimeacha sekunde ishirini za ukimya, kabla kwaya haijaanza. CD ya Masakta nayo huanza kwa ukimya. Nyimbo kubwa haziingii kwa pupa. Hilda akashauri nivae hedifoni nisikilize kila kitu tangu mwanzo, nisije nikaaibika. Nikamweleza kitaalamu kwamba ukimya hausikilizwi.

Ijumaa, 14 Agosti

Siku ya jaribio. Na siku ya mnada! Mbuzi, malori, wauza mitumba, upepo. Ukapigwa wa Masakta, ukafika njia panda. Ukapigwa wetu. Ukafika njia panda, ukapita, ukaenda hadi kwenye mashine ya kusaga. Sebastiani alivua kofia akaipunga kutoka kule. Tumeshinda!

Wolfgang alinipa mkono, sina la kumlaumu. Akasema ila mwanzoni ni kama amesikia watu wanaongea. Nikamwambia ni watu wa mnada. Akasema labda.

Nilikimbia kwa Mama Imakulata. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni.

Jumapili, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Padri alifika saa nne. Mstari wa watu hadi njia panda. Mama Imakulata mbele, kwenye kiti, amejifunika blanketi. Sebastiani akainua mkono, watu wote wakanyamaza. Si mnada leo. Hata mtoto hakulia. Wolfgang akabonyeza.

Kwanza ikasikika pumzi. Pumzi kubwa, kama pampu ya lori. Kisha kutafuna. Ng'ombe wa Hilda anacheua, Daudi nzima inasikia. Kisha, safi kabisa, sauti ya Mama Imakulata ya mwezi Mei:

"Baba Brightness mmemweka wapi?"

Brightness ni binti yangu. Hakuna mwingine kigangoni mwenye jina hilo.

Sauti ya Hilda: "Pale kwa ng'ombe, Mama."

"Vizuri. Akipotea njia, ng'ombe atamfunika."

"Sauti hana," akasema Hilda kwenye spika nne. "Ila msimtoe. Siku za mazoezi ndizo anazorudi nyumbani akicheka."

Kisha miguu ikikimbia. Yangu. Ndoo ikaanguka. Nayo ilikuwa yangu.

Kicheko kilianzia mbele kikaondoka na mstari hadi njia panda, kikageuka, kikarudi. Padri alishika mlango wa gari. Nilitafuta shimo, lakini uwanja ulikuwa umesawazishwa juzi, na mimi nilikuwa kwenye kamati iliyousawazisha.

Aliyecheka zaidi ni Mama Imakulata. Alicheka hadi akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya blanketi. Ndipo wimbo ukaanza. Sauti yake ikapanda juu ya mabati ya kanisa jipya, na kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa maji. Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno, bila sauti. Padri hakuchukua hatua hata moja hadi beti zote nne zikaisha.

Baadaye padri aliuliza yule ng'ombe ni wa nani. Hilda akanyoosha mkono. Kuhusu besi hakuna aliyeuliza.

Tukarudi nyumbani. Hilda akaniwekea maziwa, utando wote akanipa mimi. Tukala. Akaondoa vyombo, akarudi, akasimama.

"Nilisema kweli zote mbili," akasema.

Nikamwambia nimesikia. Hadi mashine ya kusaga wamesikia.

Jumatatu, 17 Agosti

Alfajiri nilitengeneza nakala ya Mama Imakulata. Safi! Nimekata zile sekunde, nimefuta ng'ombe, nimefuta ndoo. Nikawahi stendi. Alikuwa ameshakaa dirishani mwa basi, Letisia pembeni yake. Nikampa shikamoo na CD.

Akauliza, kwa ile sauti ya majani, kama ng'ombe yumo. Nikasema kwa fahari kwamba hayumo, nimemtoa kabisa.

Akanirudishia.

"Niletee ya jana, mwanangu. Huko niendako hakuna anayecheua. Na nikitaka kujua Baba Brightness amekaa wapi, nitamuuliza nani?"

Nilikimbia kibandani. Dereva alipiga honi mara tatu lakini hakuondoka, mama yake alikuwa mstarini jana. Nikaipitisha dirishani gari likianza kutembea. Aliiweka ndani ya blanketi, upande wa kifua.

Nimerudi, nimekaa, nimetafakari kwa utulivu. Mtu mzima lazima ajifunze.

Swali: kwa nini padri alisimama beti zote nne? Wimbo wa Masakta una waimbaji wazuri, una studio, una kinanda. Wetu ulikuwa na vitu viwili ambavyo wao hawana: ng'ombe na mimi. Ng'ombe haimbi. Jibu liko wazi.

Natoa albamu. Besi peke yake, nyimbo kumi. Maikrofoni ya nyuma nitaipandisha mara nne, na kile kitufe sasa nakijua. Wolfgang amesema ataiuza. Alisema akitazama chini, kwa heshima. Hilda aliuliza jambo moja tu, ni siku gani, ili amtoe ng'ombe nje. Nikamwambia ng'ombe abaki, amezoea kazi.

Tunaanza Jumatano, tembe ile ile. Nafasi yangu nimeshaipanga, upande wa joto. Na mwanzoni nitaacha sekunde arobaini. Hedifoni za nini? Ukimya hausikilizwi.