Yahusu: Kengele Inayolia Sebuleni Kwangu

Kwa shemeji yangu mpendwa, mtoto wa kwanza wa Mama,

Pokea salamu zangu na heshima tele. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa raha mustarehe kwenye kiti chako mwenyewe, na ukitaka kunyanyuka unanyanyuka. Mimi sijambo, kwa kadiri ninavyoruhusiwa.

Utakumbuka kwamba Mama alikuja kwetu kubadili hewa. Ulimsindikiza mwenyewe hadi kituoni, ukanipigia simu huku unacheka, ukaniambia nimtunze. Hukuniambia kwamba ndani ya begi lake, katikati ya masweta, kulikuwa na kengele ya shule: ile ya shaba, yenye mpini wa mbao, aliyopewa zawadi siku aliyostaafu ualimu mkuu. Labda hukujua. Lakini kile kicheko, shemeji, nimekikumbuka sana siku hizi.

Kazi yangu unaifahamu. Natafsiri vijitabu vya maelekezo ya vyombo vya nyumbani: pasi, jiko la umeme, mashine ya kufulia. Kampuni ilipofunga ofisi na kutuambia kila mtu afanyie kazi kwake, nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Ni kweli kwamba kabla Mama hajaja mkurugenzi alikuwa ameshaniandikia onyo kwa kuchelewesha kazi, na onyo la mwisho lilikuwa njiani. Hayo ni mambo ya kiofisi na hayahusiani kabisa na malalamiko haya.

Basi, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba uje umchukue mama yako kabla ya mwisho wa wiki, kwa sababu zifuatazo:

1. Kengele yenyewe. Asubuhi, dada yako akishatoka tu kwenda kwenye duka lake la dawa, kengele inalia mlangoni pa chumba changu. Zamani nilikuwa na utaratibu wangu. Kompyuta niliiwashia kitandani, shuka hadi kifuani, nikisubiri hamu ya kazi ije yenyewe. Hamu haiburutwi. Siku nyingine ilifika mchana, siku nyingine ilipotea njia, na mimi sikuwahi kuigombeza. Mama anasema hamu ni mtoro: ukimsubiri haji, ila ukianza somo bila yeye utamwona anachungulia dirishani. Mimi sikusomea ualimu. Na hata ningekuwa nimeusomea, mama mkwe utamjibu nini?

2. Ukaguzi. Kabla sijakaa kwenye meza ya kulia, ambayo sasa ndiyo ofisi, nasimama wima kando ya friji ili nikaguliwe kucha, kola na viatu. Ndiyo, viatu. Navaa viatu vya kamba kutoka chumbani hadi sebuleni, nikikanyaga zulia langu mwenyewe kama mgeni. Siku moja nilitokea na shati juu na bukta ya kulalia chini, nikaamriwa nirudi nyumbani nikabadilishe. Nyumbani ni hapo hapo, shemeji. Nilikwenda chumbani, nikakaa kitandani kidogo ili safari ionekane, nikarudi. Nikaandikwa nimechelewa.

3. Msalani. Mimi ni mtu mzima. Nina ndevu, nina kipara kinachoanza, na choo hicho nilikizibua mwenyewe kwa mikono yangu. Leo nikitaka kwenda sharti ninyooshe mkono. Nikinyoosha tena kabla ya mapumziko, Mama anasimama mlangoni kuuliza kama nimeingia na simu. (Nilikuwa nimeingia na simu.) Tangu siku hiyo simu yangu inashinda kwenye sufuria ya kuchemshia maziwa, mfuniko juu, kabatini, na ufunguo wa kabati anao mama yako.

4. Darasa limepanuka. Mhasibu wa ghorofa ya juu, ambaye naye hufanyia kazi nyumbani kwake, alisikia kengele akashuka. Nilijua amekuja kulalamikia kelele, nikamvutia kiti kwa furaha, maana nimepata shahidi. Akauliza kama kuna nafasi. Nyuma yake akaja binti wa mlango wa jirani, yule anayejibu simu za wateja wa kampuni ya maji, na kikombe chake mkononi. Sasa tunabanana mezani kwangu viwiko kwa viwiko. Lakini lililoniuma si kubanana. Lililoniuma ni kwamba Mama alipochagua kiranja, alimchagua mhasibu. Mtu wa kuja juzi! Mimi mwenye meza! Anaandika majina ya wapiga kelele kwa wino wa bluu, na wa kwanza kuandikwa nilikuwa mimi. Sikusema neno hata moja. Nilihema tu.

5. Mkutano wa mtandaoni. Hili ndilo lililovuka mpaka. Tulikuwa kwenye kikao na mkurugenzi, wenzangu wote wamepangwa kwenye kioo cha kompyuta kila mmoja na kisanduku chake, mmoja anatafuna, mwingine anamlisha paka. Mama akatokea nyuma yangu, akarekebisha miwani, akasema kwa ile sauti yake unayoijua, "Habari za asubuhi, darasa." Shemeji, sijui shule zilitufanya nini. Walisimama wote. Watu wazima, wengine na wajukuu, walisimama na kuitikia kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu." Mkurugenzi naye alisimama, koti na tai vimemkaa vizuri, na chini yake taulo. Mama akamwambia kwa upole akajisitiri kwanza, tutamsubiri. Akaenda. Tulimsubiri.

Nilijua kibarua kimeota nyasi. Badala yake mkurugenzi akaandika akiomba kwamba kila asubuhi kikao cha mtandaoni kifunguliwe, ili kengele ya Mama isikike idara nzima. Kwa hiyo sasa mama yako anaamsha watu asiowajua katika nyumba asizoziona, na wenzangu wanaponitumia ujumbe hawaniulizi hali yangu. Wananiuliza hali ya Mwalimu.

6. Kikao cha mzazi. Juzi, baada ya chakula, Mama alimkalisha dada yako kwenye kiti cha wageni akamweleza maendeleo yangu, nami nimeketi pale pale nikisikia. "Akili anayo," alisema. "Ila alikuwa ameshajikatia tamaa." Nilitegemea mke wangu anitetee. Akauliza kama usafi wangu umepanda. Wakacheka wote wawili mpaka dada yako akafuta machozi kwa upindo wa nguo. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Zamani alikuwa akirudi kazini ananikuta na nguo za kulalia, anaweka mkoba chini, haulizi kitu. Lakini hilo si la kuandika hapa.

Kwa sababu hizo zote, narudia ombi langu. Mchukue Mama. Mchukue pamoja na kengele. Na kama gari lina nafasi mchukue na mhasibu, maana naona ataumia sana akiachwa. Mtu mzima hastahili kusimamiwa kama mtoto ndani ya nyumba yake. Uhuru wangu naujua thamani yake, na nikiupata tena nitautumia vizuri, kama nilivyokuwa nikiutumia.

Nisalimie mkeo na watoto. Waambie watoto waanze kujisomea wenyewe mapema, kabla hawajapata mwalimu. Msalimie na jirani yako aliyenisaidia kubeba kabati siku ya harusi yetu, na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukaa kiti cha karibu na friji.

Nyongeza: Nilisahau kwamba katika nyumba hii kila kilichoandikwa hupita kwa Mama kabla hakijatoka. Barua hii aliikuta mezani jana jioni. Aliisoma amesimama, miwani puani, hadi mwisho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinirekebishia koma, akasema sababu ya tatu ina nguvu kuliko zote, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akaingia chumbani na nikasikia zipu ya begi.

Leo asubuhi kengele haikulia. Dada yako aliondoka bila kunitazama. Mhasibu alishuka, akaona meza haina mtu, akapanda tena ngazi kwa kunyata. Kabati lilikuwa wazi na simu yangu iko mezani. Nilikaa na bukta yangu, miguu juu ya kiti, uhuru wangu wote mkononi. Kijitabu cha mashine ya kufulia kinatakiwa leo, umebaki ukurasa wa mwisho, na sikuweza kuandika hata neno. Nikaamua kwenda msalani. Nikajikuta nimenyoosha mkono, na sebuleni hakuna wa kunipa ruhusa. Sikutegemea kwamba jambo dogo kama lile lingenitoa machozi, lakini lilinitoa.

Basi nikavaa suruali. Nikavaa viatu, nikafunga kamba. Begi la Mama lilikuwa mlangoni, na kengele juu yake, imefungwa kwenye sweta. Nikaifungua, nikaipiga mbele ya chumba chake kwa nguvu zangu zote.

Alifungua kabla sijamaliza, mikono kiunoni. "Nani amekuruhusu kushika kengele?"

Nikamwambia hakuna, Mwalimu.

Akanikagua kucha. Akanikagua viatu. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la begi. Kisha akasema anayejua kuipiga vile ndiye atakayeipiga kila siku kuanzia kesho, na kwamba shuleni kwake mpiga kengele alikuwa juu ya kiranja. Huko ngazini tayari nilikuwa nasikia mhasibu anakimbia kushuka.

Kwa hiyo, shemeji, yote niliyoandika hapo juu yafute. Ningeichana barua hii, lakini Mama hakubali kazi ya mtu ichanwe, kwa hiyo naituma ilivyo. Kama umeshakata tiketi ya kuja kumchukua, njoo kututembelea tu. Uje wakati wa mapumziko, na uje na viatu vya kamba.