Mafua ya Jenerali

Jumatatu, 7 Julai 2025

Aibu! Jenerali amenizimikia katikati ya mlima wa kanisani. Mzigo: mkungu wa ndizi. Mmoja! Zamani alipanda mlima huohuo na gunia la maharage, mke wangu Domisiana, na kuku wasiotaka safari.

Jenerali ni pikipiki yangu. Kwanza alikuwa wa baba mkwe, Mzee Matiasi wa Murusagamba. Alinikabidhi siku nilipomuoa binti yake mkubwa, mbele ya watu wote, akasema nimtunze binti na pikipiki kwa moyo mmoja. Binti hajambo.

Nikiwa pale mlimani namtukana Jenerali kwa sauti ya chini, akapita Wiston. Huyu ni mkwe mwenzangu, ameoa mdogo wake Domisiana. Analangua maharage Runazi na amenunua pikipiki mpya, kiti bado kina nailoni. Akanipigia honi. Hapakuwa na kona. Hapakuwa na ng'ombe. Honi ya nini?

Shida yenyewe ni Jumapili. Binti yetu Iteka anapata kipaimara hapa Bugarama, na babu yake lazima aletwe kutoka Murusagamba. Wiston alikwisha kujitolea kumleta. Nimempigia Mzee simu nikamkumbusha kwamba mkwe mkubwa yupo hai, na kwamba Jenerali ana nguvu zilezile. Mzee akafurahi mno. Akasema anamkumbuka.

Ugonjwa nimeshaujua. Ni plagi.

Jumanne, 8 Julai

Si plagi. Nimeweka mpya inayong'aa kama jino la dhahabu. Hali ileile.

Basi ni kabureta! Nikaifungua na kuisafisha kwenye sinia. Sikuona kwamba lilikuwa sinia la maharage yaliyochambuliwa. Domisiana ameuliza kama nataka tule petroli. Nimesema nitayaosha. Nimeyaosha. Bado yananuka. Jirani hapaswi kuwasha kiberiti karibu nasi wiki hii.

Kabureta imerudi mahali pake, imebaki skrubu moja. Nimeiweka mfukoni, huenda haikuwa ya kazi.

Jenerali bado. Na sasa nimegundua jambo la kutisha: kiki yake haina ubishi tena. Ukiikanyaga, mguu unazama tu kama umekanyaga ndizi iliyoiva. Zamani kiki hiyo ilinirusha hadi kwenye mibuni. Domisiana alikuja kuangalia, akaishusha kiki kwa mkono. Kwa mkono! Mkono mwingine ameshika mwiko. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 9 Julai

Mjini Ngara kwa fundi Amri. Kwenye miteremko nilipanda, kwenye milima nilisukuma. Barabara ile ina milima mingi kuliko miteremko, na nilipogeuka ikawa vilevile. Sielewi inavyowezekana.

Amri ni wa ukoo ule wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Ndugu zake wote wanauza vitambaa, yeye peke yake anapaka grisi, na ana majivuno kuliko wote. Anayo geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya injini ya kubana hewa, na anaihifadhi ndani ya soksi safi. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Alitoa plagi, akaifunga geji kwenye tundu lake, akaniamuru nipige kiki. Mshale ulinyanyuka kidogo kama mgonjwa anayeitikia salamu, ukalala.

Akachukua oili kidogo, akaidondoshea kwenye tundu la plagi. Piga tena! Loo! Mshale ukapanda, na kiki ikanigomea kama zamani. Nilitaka kumkumbatia.

Amri akasema nisishangilie. Akaeleza kwamba oili imeziba mwanya kati ya pistoni na silinda, ndiyo maana nguvu imerudi. Maana yake ringi za pistoni zimekwisha na hewa inapenyea hapo. Kama mshale ungebaki chini hata baada ya oili, angeshuku valvu. Akasema nimwachie Jenerali, silinda ichongwe, iwekwe pistoni mpya na ringi zake. Nikamuuliza atakuwa tayari lini. Akasema baada ya Jumapili.

Baada ya Jumapili! Wiston amlete Mzee, mimi nisimame mlangoni kama mgeni?

Nikamuuliza ile nguvu ya oili inadumu kwa muda gani. Amri akaifuta geji, akairudisha kwenye soksi.

"Ile ni ya kupimia tu, Alfonce. Si dawa."

Nimeelewa. Kabla ya kuondoka mjini nimepitia duka la dawa za mifugo na kununua bomba la sindano, lile kubwa la ng'ombe. Na chupa ya oili. Nimerudi nikipiga mluzi.

Alhamisi, 10 Julai

Siku tukufu.

Asubuhi nimemdunga Jenerali oili ya kutosha, nikarudisha plagi, nikamwita Wiston aje kupokea maagizo ya sherehe. Akaja na tabasamu lake. Akauliza habari za mgonjwa. Nikamwambia kwa upole ajaribu kiki mwenyewe.

Akaikanyaga kwa dharau. Kiki ikamrudishia! Wiston aliruka akishika ugoko, akataja watakatifu ambao sikujua anawafahamu. Nilimpa pole. Nilimpa pole kwa muda mrefu, nikiifurahia kila pole.

Kisha Jenerali akawaka. Moshi wa bluu ukafunika ua wote, kuku wakapotea, na kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka haikuonekana tena. Wiston akauliza, huku akikohoa, kama moshi ule ni wa kawaida. Nikasema anasafisha kifua.

Mbele yake nikampigia Mzee na kuthibitisha: namfuata Jumamosi. Wiston amepangiwa kubeba kreti za soda. Amekubali kwa sauti ndogo sana.

Domisiana anasema kahawa sasa inanuka kama maharage. Mtu mwenye furaha hajibu kila kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa kwa Mama Esperansia, kilimani juu ya Bugarama. Sikupanga kuwa hapa. Wala hakuna aliyepanga.

Kwenda Murusagamba hakukuwa na neno. Nilisimama mara kwa mara kumdunga Jenerali, tukafika. Mzee Matiasi alikuwa tayari, suti ya rangi ya maziwa, kofia, fimbo. Nikamsalimu shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anampapasa Jenerali kwenye tangi kama anayempapasa farasi.

Tukaondoka. Mlima wa kwanza, Jenerali akaanza kulegea. Nikamwambia Mzee anisubiri kidogo, naenda haja. Nikamsukuma Jenerali hadi nyuma ya kichaka. Bado sijui kwa nini nilidhani mtu huenda haja na pikipiki.

Nilipoinua uso, Mzee alikuwa amesimama juu yangu, mikono miwili kwenye fimbo.

"Alfonce. Unamchanja?"

"Ndiyo, Baba."

"Anaumwa nini?"

"Mafua, Baba."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema kweli, siku hizi yapo.

Mlima wa mwisho kabla ya Bugarama niliamua kutocheza nao. Nikajaza bomba lote, nikalimwaga lote. Kumbe nimezidisha! Plagi ikalowa chepechepe, Jenerali akakataa hata kukohoa. Nilipiga kiki mpaka shati likanata mgongoni. Nikakaa chini. Nikaona kipaimara cha Iteka bila babu yake, na Wiston akipiga honi maisha yangu yote.

Mzee akavua koti, akalitandika kwenye kiti cha Jenerali, akaanza kusukuma upande wa nyuma. Nikamsihi aache. Akasema nishike usukani na ninyamaze.

Tulisukuma. Kila nyumba tuliyopita, mtu alimwita kwa jina. Hapa tukapewa mtobe, ile juisi ya ndizi, pale mahindi ya kuchoma, kwingine rubisi, pombe ya ndizi, ambayo Mzee alisema ataonja tu. Alionja sana. Akaanza kuimba nyimbo za ubatizo kwa Kihangaza. Mimi nikaitikia.

Kileleni kuna nyumba ambayo Mzee huipita bila kusalimia. Ni ya dada yake mkubwa, Esperansia. Walikosana kwa sababu ya ng'ombe kabla sijaoa, na ng'ombe mwenyewe alikufa zamani. Leo hakuweza kupita, maana tulikuwa tunakwenda mwendo wa konokono. Bibi akatoka na jembe mkononi, akatuangalia.

"Matiasi, unasukuma au unasukumwa?"

"Vyote viwili, dada."

"Basi njoo ukae."

Akaingia, akakaa. Mwanzoni nilisikia mambo ya ng'ombe, kisha mambo ya mama yao, kisha mtu analia polepole. Nikatoka nje kufuta plagi. Macho yangu nayo yaliingia moshi, ingawa Jenerali alikuwa amezimwa.

Nikapiga simu nyumbani. Domisiana alikuwa na wasiwasi. Wiston akampokonya simu, akasema anakuja sasa hivi kumchukua Mzee. Mzee akanipokonya mimi. Akamwambia Wiston kwamba yeye amekuja na mkwe wake na Jenerali, na atafika na mkwe wake na Jenerali. Akakata. Nilitaka kumbusu.

Jumapili, 13 Julai

Jenerali hakuwaka. Nilimbembeleza, nilimtisha, nilimwombea. Kengele ya kwanza ya kanisa ikasikika kutoka bondeni, na kutoka hapa hadi kule ni mteremko mtupu.

Nikasema tunakwenda bila injini. Mzee akapanda. Mama Esperansia akatoka na kitenge kipya na kusema naye anakwenda, mjukuu ni wa ukoo. Tukapanda mishikaki: mimi, Mzee, Bibi nyuma amemkumbatia mdogo wake. Nikaachia breki.

Ee! Sijawahi kuendesha hivyo. Hakuna sauti ila upepo na Bibi akitaja jina la Bikira Maria. Vumbi jekundu nyuma yetu. Tuliingia uwanja wa kanisa wakati maandamano yanaanza, kimya kabisa, kama malaika. Baadaye katekista alinishika mkono akanisifu kwa kuzima injini kwa heshima ya Misa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Breki za Jenerali zinahitaji kuangaliwa. Tulisimama kwa msaada wa kreti za soda za Wiston.

Iteka alimwona babu yake, halafu akamwona bibi asiyemjua ameshikana mkono na babu, akacheka waziwazi katikati ya wimbo. Melania, mke wa Wiston, alilia. Domisiana naye. Misa ilikuwa nzuri mno, hata kwaya haikuiharibu.

Kwenye chakula Mzee alisimama kusema. Mgongo wa suti yake ulikuwa na madoa ya oili kama chui, hakuna aliyemwambia. Akasema asingeletwa na Jenerali leo angekuwa ameshiba tu, lakini sasa ana dada. Akasema anataka pikipiki ile ipelekwe kwa fundi itibiwe kabisa, yeye atachangia kwa mbuzi dume, na Wiston atamsafirisha Jenerali kwa gari linalombebea maharage yake. Wiston akapiga makofi kama wengine. Nilimtazama viganja. Havikugusana.

Nimelala mchana huu kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 26 Julai

Jenerali amerudi! Silinda imechongwa, pistoni mpya, ringi mpya. Amri alitoa geji kwenye soksi, nikapiga kiki, mshale ukaruka kama umeitwa bungeni. Nilitoa chozi, nikalifuta kwa mkono wenye grisi.

Amri akanipa masharti. Injini mpya haijazoeana na ringi zake. Niendeshe taratibu, nisibebe mzigo mzito, nisimkimbize mlimani, oili nibadilishe mapema. Akataka niyarudie yote kwa mdomo wangu. Nikayarudia, vizuri, kwa mpangilio. Nilimaanisha kila neno.

Nikarudi taratibu. Baiskeli ilinipita. Nilimpungia mwenye baiskeli.

Njiapanda ya kwetu nikamkuta Wiston amesimama na pikipiki yake chini ya mlima. Hakusema kitu. Naapa hakusema kitu. Alivuta mafuta tu kidogo, vrum, akanitazama kwa pembeni.

Nimemshinda kwa urefu wa tairi moja! Kileleni alinyoosha mkono akanipongeza mwenyewe, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja. Tulikaa pale kwenye majani mpaka harufu ya kuungua ikapungua.

Kiki imekuwa pole kidogo kuliko asubuhi, lakini sina wasiwasi wowote. Injini ngeni huwa na aibu, inahitaji kuzoezwa na watu. Kesho baada ya Misa namzoeza kwa mlima wa Murusagamba, na Wiston amekubali kuja.