Mashimo ya Kasha Ndiyo Dawa ya Pua Yangu

Mutaa wa Kasha, Bagira, lundi (Jumatatu) asubuhi

Kwa Bwana Ingénieur, mukubwa wa mashini yenye inatengeneza njia yetu,

Nakusalimia na heshima yote yenye iko mu nyumba yangu. Mimi ni Muzee Polycarpe Akonkwa, miaka makumi munane na moja. Feza ya zaïre ilizaliwa niko, ikakufa niko. Waganga watatu walisema sitafika Noeli. Wote watatu nimewasindikiza ku makaburi, na ku matanga ya mumoja nilikula nyama mara mbili. Tetemeko ilibomoa nyumba ya jirani. Yangu iliogopa kuanguka juu ya vile nilikuwa ndani. Nilisoma mpaka ya pili primaire tu, lakini ile ya pili ya Wabeleji inapita université ya siku hizi. Kwa hiyo soma polepole, usiniache nyuma.

Tangu kiangazi ianze, mapua yangu imeziba. Juu ya macho inapiga kama mutu anafunga misumari kwa ndani. Harufu hakuna. Infirmière Priscille wa dispensaire aliniangalia, akasema ni sinusite. Akasema: “Papa, ni vumbi. Ondoa ile kiti yako kando ya njia.” Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi na vumbi tunajuana tangu utoto, haiwezi kunifanyia vile.

Basi mujukuu wangu Merveille, ule wa université, akafungua telefone, tukafanya recherche. Yeye alishika telefone, mimi nilishika akili. Tukakuta dawa ya Wazungu yenye jina ya omeopati. Ufundi wake ni huu: kitu chenye kinaleta ugonjwa, kidogo yake inaponya. Kitunguu inatoa makamasi, basi kitunguu itafunga makamasi. Unatia tone ya maji ya kitunguu mu chupa ya maji safi, unatikisa kwa nguvu. Unatoa tone ya ile, unatia mu chupa ingine, unatikisa tena. Unaendelea mpaka mule ndani hakuna tena kitunguu hata ya kudanganya mutoto, na pale ndiyo dawa inakuwa kali. Merveille aliniambia mu ile telefone kuna madocteur wenye wanasema ni maji tu. Nikamwambia apite mbele, wale ni watu wa wivu.

Kumbe siri iko mu kutikisa. Mikono yangu ya uzee inatikisika hata bila dawa, lakini kidogo. Nikaita Dany, motard wetu, nikafunga chupa nyuma ya pikipiki yake na kamba ya mupira, aende nayo mujini na arudi. Bwana Ingénieur, ile njia ya Kasha! Hakuna laboratoire ya Ulaya yenye inatikisa hivi. Chupa ilirudi na povu, Dany akarudi na mukono ku kiuno.

Sasa sikia malalamiko yangu.

1. Mashini yako ilikuja bila kuuliza wazee. Kamyo ya maji inalowesha, rouleau inakandamiza, na watu wanapiga makofi. Ilifunika ile shimo kubwa ya ku kona, yenye mimi niliijua ikiwa ndogo kama sahani.

2. Kwenye mulipita, Dany anatembea kama amebeba bibi arusi. Chupa inarudi imelala usingizi. Dawa yenye haikutikiswa ni maji, na mimi sijawahi kunywa maji kwa kupenda.

3. Hapa ndiyo panauma. Siku ya posho, samedi hii, yaani Jumamosi, ni mahari ya Merveille. Kwetu, wakwe wakileta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hakuna mutu anaonja kama muzee wa familia hajaweka pua ku mutungi. Akisema imeharibika, wanarudi nayo pamoja na haya yao. Tangu marehemu baba aniachie ile kazi, hakuna mutungi ulinidanganya. Lakini jana familia ilikaa, na mudogo wangu Modeste akaniwekea kopo mbili, macho yangu imefungwa na kitambaa. Nilinusa ya kwanza, nikaisifu sana. Nikasema hii ni ya ndizi za kule Walungu, imetulia, ni ya wakubwa. Ilikuwa maji yenye bibi yangu wa ndoa, Nsimire, aliloweka mihogo. Walicheka mpaka kuku zikatoka inje. Modeste akasema: “Grand frère, pumzisha pua, samedi nitanusa mimi.” Modeste! Mutu mwenye hata kopo tupu kwake inanukia vizuri! Akaongeza: “Na kama kidogo ndiyo nguvu, wewe tutakupa tone moja ya kasiksi mu bidon ya maji.” Nikamujibu omeopati ni ya pua yenye kuugua, haihusu tumbo yenye afya. Merveille naye alicheka, lakini kisha alikuja kunishika mukono: “Koko, pua yako isipokubali, mimi sitoki mu chumba.” Unaona hatari? Mutoto anaweza kukosa bwana kwa sababu ya rouleau yako.

4. Tena haiko mambo ya Kasha peke. Wazungu wangeleta chupa zao hapa kutikisiwa. Wasomi wa kituo ya utafiti ya Lwiro wangeacha nyani zao wakuje kupima mashimo yetu. Wewe unamwaga udongo juu ya dawa ya dunia nzima, na unavaa kofia ya njano bila haya.

Kwa hiyo naomba, kwa upole: toka ku mulango wangu mpaka ku kona, acha njia vile Mungu na mvua waliifanya. Shimo yenye mulikwisha kufunika, ifukue, na uongeze kidogo urefu wa chini. Weka kibao: HAPA NI LABORATOIRE, KUTENGENEZA NI MARUFUKU.

Salimia mwenye kuendesha mashini, wenye kubeba koleo, maman mwenye anawapikia, bibi yako na watoto wote, hata wale wenye hawapendi kusalimiwa. Kama unaona naongopa, uliza Nsimire, uliza Priscille, uliza Dany. Kiuno chake kitakujibu kabla yake. Modeste usimuulize.

Ni mimi kwa mukono wangu,
Muzee Polycarpe Akonkwa

N.B. Leo ni jeudi, Alhamisi, barua ingali inamungoja Dany aipeleke. Tangu juzi kamyo yako inalowesha mbele ya kiti yangu, rouleau imepita, vumbi hakuna. Leo muchana Modeste alipita na bidon imefunikwa, akasema ni maji. Bila kuinua kichwa nikamwambia: “Ni kasiksi, imeharibika, na nusu umekunywa mu njia.” Alikimbia bila kuaga. Samedi nanusa mimi. Barua nakutumia hata hivi, juu ya vile karatasi haiandikwi bure, lakini tafazali kaza kazi, ufike mpaka chini kabisa kabla ya samedi. Wakwe watapita kule na mitungi, na kasiksi yenye imetikiswa haina maana. Chupa ya kitunguu nimemupa Modeste.