Rahabu, Kibarua na Jiwe la Msingi

(Hotuba ya Mheshimiwa Edgar Silvano, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Ofisi ya Miradi Mtambuka ya Milimani, aliyoitoa katika uwanja wa mpira wa Mgwashi siku ya kumtunuku Mwalimu Rahabu, mlezi wa timu ya roboti ya wanafunzi. Imenakiliwa neno kwa neno na katibu wa kijiji, pamoja na kelele zake.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, mliofika na mliotuma udhuru, Mchungaji wetu, Katekista wetu, Shehe wetu, Bi Eliza, mwakilishi wa wafadhili, uliyezipanda kona zetu zote ukatapika mara moja tu, jambo ambalo kwa mgeni ni rekodi, wataalamu wa ofisi yangu, kamati ya maandalizi, kamati ndogo ya chakula iliyomo ndani ya kamati ya maandalizi, wazee wenye busara, na wazee wengine, akina mama wa viazi, akina baba wa kabichi, vijana wa bodaboda, wanafunzi, na wewe mwenyewe Mwalimu Rahabu, mtunukiwa wetu, ambaye nakuona umesimama pale na begi mgongoni kama mtu mwenye safari: itifaki nimeizingatia yote, na ambaye sikumtaja ajihesabu nimemtaja kimoyomoyo. Onga makeo!

(Kicheko. Ni saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisambaa. Wazee wanaitikia kwa adabu tu.)

Asanteni. Ndugu wananchi, nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kumtunuku binti huyu. La pili ni kuzindua rasmi, mbele ya macho ya Bi Eliza ambaye amekuwa akiniomba tangu mwaka juzi amuone kwa macho yake huyo ng'ombe anayemlisha, Kituo cha Roboti, Maarifa na Hatima, kwa kifupi KIROMAHA. (Makofi, hasa meza kuu.)

Nianze na binti. Mwalimu Rahabu ni kijana, anajitolea, anafundisha fizikia. Alikusanya wanafunzi watano akawaambia watatengeneza roboti, na watu wakacheka, nami sitasema kwamba nilicheka, maana kikao kile hakikuwa na muhtasari. Wametumia magurudumu ya toroli, mota ya waipa ya gari bovu na betri ya pikipiki, wakaunda chombo hiki mnachokiona hapa pembeni yangu, wakakiita Kibarua kwa sababu kazi yake ni kubeba mizigo. Wameshinda ngazi ya wilaya. Kesho asubuhi wanashindana Tanga mjini, na mshindi wa Tanga anakwenda taifa. Na kwa kuwa basi la Mgwashi lilishaondoka alfajiri, ni mimi, nasema ni mimi, niliyeahidi kwamba pikapu ya ofisi yangu itawapeleka leo hii, mara tu baada ya hotuba yangu fupi. (Makofi marefu. Wanafunzi wanaokota mabegi.) Wekeni mabegi chini, wanangu. Ndiyo kwanza ninafungua.

Tujiulize kitaalamu: Rahabu ametoka wapi? Kwa maana ya kuzaliwa ametoka kwa Mama Jenoveva yule pale, shikamoo mama. Lakini kwa maana ya kimkakati ametokana na ofisi yangu. Mnaona kidole cha mtu, hamuoni sera iliyokisukuma! Sisi ndio tuliotoa vishen, sisi ndio tuliochora rodimapu, sisi ndio tuliokaa na mastekiholda kule Tanga siku tatu mfululizo, tukala samaki tusiowataka, ili mtoto wa Mgwashi ajue nyaya nyekundu na nyaya nyeusi. Akibonyeza kitufe Abuu wa kidato cha pili, aliyebonyeza ni mimi.

MWALIMU RAHABU: Shikamoo Mheshimiwa. Samahani sana kukukatiza. Usajili Tanga unafungwa saa mbili usiku, na ukungu umeshaanza kushuka barabarani. Tukichelewa hawatupokei, watoto wameshaambiwa hivyo.

Marahaba, mwanangu, marahaba. Mmemsikia? Ana haraka! Haraka ndiyo mama wa inovesheni. Makofi kwa haraka yake. (Makofi machache. Mama Jenoveva anatazama ukungu, kisha anamtazama Mheshimiwa, na macho yake si ya kutunuku mtu.)

Sasa nije kwenye Kituo. Bi Eliza, andika. Utekelezaji wa KIROMAHA umefikia asilimia sabini na nne. Upembuzi yakinifu tumefanya, na kwa sababu ulikuwa mzuri tukaurudia. Semina elekezi tumefanya. Ziara ya mafunzo tumekwenda, tumerudi, tumepumzika. Fulana tumechapisha, kofia tumechapisha. Kamati ya ununuzi imeundwa, na kamati ya kuisimamia kamati ya ununuzi inatafutiwa viti. Asilimia ishirini na sita iliyobaki ni jengo na vifaa.

(Mbuzi analia nyuma ya goli.)

BI ELIZA: Mheshimiwa, kwenye ripoti yako uliandika kwamba wanafunzi wanafanyia kazi ndani ya Kituo. Hawa wamekuwa wakifanyia wapi?

Swali zuri, na maswali mazuri tunayapokea kwa maandishi. Hata hivyo nijibu. Wamekuwa wakifanyia katika tawi.

MAMA JENOVEVA: Tawi gani, baba? Wamefanyia kwenye ghala langu la viazi! Mwaka mzima viazi vyangu vinalala chini ya kitanda, na mimi juu.

Naam! Ghala! Ushirikishwaji wa jamii, asilimia mia moja na arobaini! Mama, wewe ni tawi. (Kicheko kikubwa. Katekista anajifanya anakohoa.) Na msidhani Mgwashi mko peke yenu. Kituo kama hiki nilikizindua Mnazi kule bondeni, nikakizindua na Bumbuli, kwa shangwe na ngoma.

MAMA JENOVEVA: Mnazi si juzi tu nimetoka kwa mdogo wangu? Sikuona kituo wala kibanda.

Mama, kiko kwenye mfumo. Kitu kikishaingia kwenye mfumo huwezi kukiona kwa macho tu hivi hivi, labda uwe na neno la siri. Lakini kwa watu wa kuona ndipo waamini, tazameni hapa mbele yangu. Chini ya kitambaa hiki chekundu kuna jiwe la msingi. Ni marumaru halisi, limeandikwa jina langu kwa dhahabu na jina la Kituo kwa rangi ya kawaida. Wenzangu katika ofisi nyingine kila mradi wananunua jiwe jipya, wanaacha milima yetu imejaa mawe kana kwamba tulikuwa na upungufu. Mimi nina jiwe moja! Nimezindulia Mnazi, nimezindulia Bumbuli, leo ninazindulia Mgwashi, na halina hata ufa. Huo ndio utunzaji wa mazingira. (Meza kuu inapiga makofi, kisha inasita, kisha inaendelea kwa kuwa ilishaanza.)

Na hapa nimpongeze dereva wangu, Dula, aliyekaa pale kwenye pikapu, injini ikinguruma. Dula ana nidhamu ambayo ninyi watumishi mngeiiga. Nimempa agizo moja tu la kudumu: jiwe likishapanda gari, ondoka. Usisubiri, usigeuke nyuma, hata ukisikia unaitwa, maana wanaoita baada ya uzinduzi huwa wana maswali. Mnazi waliita. Bumbuli walikimbia kabisa na gari. Dula hakugeuka! Mimi huwa nimeshakaa mbele, nimefunga na mkanda. (DULA: Ndiyo mkuu!) Mnasikia nidhamu hiyo?

Kabla ya kufunua jiwe, tuzo. Mwalimu Rahabu, sogea. Kwa kutambua moyo wako wa kujitolea, ambao tunaomba uendelee nao maana nafasi ya ajira bado iko kwenye mchakato, ofisi yangu inakutunuku fremu hii ya mninga. Naona unachungulia ndani. Ndani haina kitu kwa sasa. Itawekwa picha yangu nikikukabidhi fremu. Picha itafuata. (Mpiga picha anapiga. Mwalimu Rahabu anasema ahsante huku akitazama barabara. Ukungu umeshafika kwenye goli.)

Sasa, ndugu wananchi, nimepata wazo ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Jiwe hili lisifunuliwe na mkono wa binadamu. Lifunuliwe na roboti! Kibarua aje avute kitambaa, mpiga picha apige, picha iende hadi Dodoma!

MWALIMU RAHABU: Mheshimiwa, Kibarua hajui kufunua. Amefundishwa kitu kimoja kinachotakiwa kwenye mashindano: akiona mzigo mwekundu anaubeba, anafuata mstari mweusi hadi kwenye gari, anaupakia. Na ule mstari tumeshautandika, pale hadi kwenye pikapu, na ubao wa kupandia tumeuweka, kwa sababu tulitaka apande mwenyewe tuondoke. Nashauri tusimuwashe.

Mwanangu, unashauri? Nani mratibu hapa? Kitambaa ni chekundu, roboti inapenda chekundu, tatizo liko wapi? Abuu, washa!

MWALIMU RAHABU: Abuu, umesikia Mheshimiwa. Washa.

(Abuu anawasha. Kibarua anakohoa, anatetemeka, anaanza kutembea. Watoto wanashangilia.)

Huyoo! Tazameni! Anasogea kwa jiwe kwa unyenyekevu. Ameinama. Bi Eliza, andika kwamba ameinama! Ameingiza mikono chini ya jiwe, nadhani anapima ubora wa marumaru. Sasa amelinyanyua. Hilo sikuliagiza, lakini naliunga mkono. Anazunguka nalo ili wananchi wa pande zote walione. Anawaonesha wa kabichi. Anawaonesha wa viazi. Anaendelea, anaelekea... Abuu, mwambie inatosha. Abuu? Mwambie arudi, picha tumepata. Anapanda ubao. Rahabu, kuna breki chombo hiki? Anapanda, anapanda, taratibu mwanangu, hilo ndilo jiwe pekee tulilonalo...

(Kibarua anaingia na jiwe ndani ya pikapu, analiweka na kuzima taa zake. Dula anaingiza gia.)

Dula! Hapana, Dula! Dula, mimi niko huku! Niko jukwaani! Geuka nyuma, Dula!

(Dula hageuki. Wanafunzi watano wanarukia nyuma na mabegi yao, Abuu akiwa wa mwisho akivutwa kwa kola. Mwalimu Rahabu anaweka fremu chini pale jiwe lilipokuwa, anapanda, anapiga bodi la gari mara mbili. Bi Eliza anakunja karatasi zake, anakimbia na viatu mkononi, anafunguliwa mlango wa mbele. MWALIMU RAHABU, kwa sauti: Asante kwa gari, Mheshimiwa! MAMA JENOVEVA: Nendeni wanangu, Mungu awatangulie! Mkarudi na ushindi, ghala ni lenu! Anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Uwanja mzima umesimama. Gari linaingia kwenye ukungu.)

Kaeni. Naomba mkae, ndugu wananchi. Kaeni, hotuba haijafungwa. Kama mlivyoshuhudia, ofisi yangu imetekeleza ahadi ya usafiri kabla ya muda uliopangwa. (Vicheko.) Nimeumia kidogo, niseme wazi nimeumia, maana koti langu limo humo, na baridi hii ya kwenu haina itifaki. Lakini mwana akiondoka kwa heri, mzazi anabaki akipunga mkono. Napunga. Mnaniona napunga.

Sasa tufunge kwa kaulimbiu zetu. Nikisema Kituo, semeni Kimekamilika. Kituo!

(WANANCHI: Kiko kwenye mfumo!)

Hapana, jamani. Nikisema Maendeleo, semeni Tunayaona. Maendeleo!

(WANANCHI: Picha itafuata!)

Basi, tuache kaulimbiu. Kuna kijana yeyote wa bodaboda anayeshuka Bumbuli, mwenye nafasi ya kiongozi mmoja?

(VIJANA WA BODABODA: Mchakato unaendelea!)

Nashukuru kwa majibu yenu, na sasa nitoe shukrani rasmi nimalize. Namshukuru Mwenyekiti kwa uwanja. Nawashukuru kamati ndogo ya chakula, naona mmeshaanza bila mimi. Namshukuru Mama Jenoveva kwa ghala, kwa sababu, tuseme ukweli ulivyo maana ushahidi umepanda gari, ukiondoa ghala hilo Kituo kingine hakuna, si hapa, si Bumbuli, si Mnazi, na hakijawahi kuwepo. (Hata mbuzi amenyamaza.) Namshukuru Mwalimu Rahabu, ambaye alikijenga akasahau kutualika. Na zaidi ya yote namshukuru kwa kuniachia fremu yake pale chini, imesimama vizuri kabisa mahali pa jiwe, na ukitazama kupitia humo unaona nyasi, goli, na yule mbuzi.

Mpiga picha, sogea. Piga hiyo. Mkato mzuri, mbuzi awe katikati. Chini yake uandike: KIROMAHA, Mgwashi, hatua za awali zinaendelea vizuri.