Goti la Asubuhi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako mzee wangu,

Leo nimepewa kazi. Kijana wetu mkubwa alikuja na mkewe na mapacha, akaketi kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo mapacha wataletwa hapa kila asubuhi. Dada wao wa kazi ameacha. Ameacha, si ameachishwa, na nikiwatazama mapacha namwelewa. Kijana akasema hata mimi itanisaidia, maana nakaa tu. Mkewe akaongeza kwamba mtu wa umri wangu akikaa peke yake akili hulala.

Nakaa tu. Nimefua mashuka ya hospitali nzima mpaka nikastaafu, nikakuuguza wewe, nikakuzika, na sasa nakaa tu.

Hawajui kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi niko bwawani. Wewe nilikwisha kukuandikia, kwa sababu fundi kufuli asiyetunza siri hafai, na wewe ulikuwa fundi mzuri. Ni bwawa la manispaa, darasa la wanawake waliovuka sitini. Sijaweza kuvuka bwawa bado. Lakini siku hizi nazama kwa utulivu zaidi.

Kumwambia kijana haiwezekani. Atasema maji yatanipa nimonia. Au atasema jambo baya zaidi, kwamba anayeweza kuogelea hawezi kushindwa na watoto wawili. Nawapenda mapacha, usinielewe vibaya. Nawapenda hasa wakiwa wamelala, na wakiwa wamelala kwao.

Basi nikashika goti. Sikulipanga. Nikasema goti la kushoto halikunjiki, watoto wakikimbilia barabarani nitawakamata na nini? Nilipoinuka kuwaaga nikaguna kidogo. Kijana akasema pole, Mama, watatafuta njia nyingine. Nililala fofofo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Goti bila mkongojo halina ushahidi. Nikaenda kwa dada yako kuazima. Ana mikongojo miwili, wa kutokea na wa akiba, na unajua heshima yake: ukoo huu haufungui kikao mpaka yeye akohoe.

Aliniuliza goti limeanza lini. Nikasema limekuja polepole. Akasema ajabu, kwa sababu Jumamosi aliniona kwa macho yake nalikimbiza gari la taka, mfuko mkononi, na nililipata. Nikasema huenda ndipo nilipolitegua. Akanipa ule wa akiba. Akasema niurudishe ukiwa mzima kama nilivyo mimi, wifi yake. Sikuipenda sauti yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mkwe alinipigia simu asubuhi kuniuliza habari za goti, hivyo ikabidi nitoke nyumbani nikichechemea, endapo angepita. Nilichechemea mpaka bwawani. Ni kazi ngumu. Niliingia chumba cha kubadilishia nguo nimechoka kuliko mgonjwa wa kweli, nikatafuta msumari wa kutundika mkongojo wangu. Misumari yote ilikuwa imejaa mikongojo.

Mwezi mzima nimekuwa nikitundika gauni langu humo na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani mikongojo hiyo ni mali ya manispaa.

Mama Keki alicheka hadi akakaa. Huyu ndiye mkubwa wetu, ana sabini na nne, anaoka keki za harusi, na huruka kichwa chini kutoka kwenye ukingo kabla mwalimu hajamaliza kusema taratibu, bibi zangu, taratibu. Akaniuliza ni nini, mgongo au nyonga? Nikasema goti. Wakaguna wote. Goti ni la wanaoanza, akasema Kipenga. Kipenga alikuwa askari wa barabarani na mpaka leo anaongea kama anasimamisha lori. Yeye ana kizunguzungu. Humpata kila mwanawe anapoalika wageni wa kupikiwa. Mama Keki ana mgongo, tangu mjukuu wa kwanza, na sasa ana wajukuu kumi na moja na hajawahi kumbeba hata mmoja zaidi ya dakika ya kupigia picha.

Nilijisikia nimefika nyumbani. Mwalimu alituuliza kwa sauti ya juu, maana anaamini sote ni viziwi, kama tunajisikia vizuri leo. Tukamuuliza kwa sauti ya juu, na yeye je?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa. Goti limefanya kazi kupita kiasi.

Kijana alikuja jana jioni akiongea kwa ile sauti ya wodini. Alisema hakulala akinifikiria, peke yangu, na goti, na ngazi za nyuma. Sasa mapacha hawaji kwangu. Mimi ndiye ninayekwenda kwao. Kuna chumba karibu na jiko, choo hatua chache, nitaonekana muda wote. Na nyumba hii amekwisha kuipatia mpangaji, mtu mstaarabu, ila ameomba abadilishe kufuli zote kwa sababu hazieleweki.

Hazieleweki! Kila mlango uliutia kufuli kwa mkono wako. Wa jikoni unainuliwa kidogo kabla ya kuzungusha, wa stoo unasukumwa kwa nyonga, wa chumbani ufunguo unaingia kichwa chini kwa sababu ulisema mwizi hatafikiria. Mwizi hakuja, na mimi kila usiku nafunga nyumba hii kama vile nakushika mkono. Mpangaji mstaarabu ataleta ufunguo wa dukani.

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Kitinda mimba wetu atakuwepo kwa simu.

Nikalipeleka jambo hili chumba cha kubadilishia nguo. Mama Keki alisikitika. Akasema kosa langu ni kipimo. Mgonjwa sana anahamishwa, mzima sana anapewa watoto, na katikati pana uchochoro mwembamba ambamo mwanamke wa sitini na kitu huishi kwa raha zake. Dawa ni goti la asubuhi. Linauma mapacha wanapohitaji mlezi, likifika saa sita linapoa, mchana unapika, unafagia, unapanda ngazi, na hakuna wa kukuhamisha. Nikasema mbona hakunifundisha mapema. Akasema sikuuliza, nilijiona mjanja.

Nilivuka upana wa bwawa leo. Nilisahau kuogopa kwa sababu nilikuwa nafikiria kufuli.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Dada yako alikuja kuchukua mkongojo wake kabla ya kikao. Nikamkabidhi. Akaugeuza, akasema huu si wake. Wake una mpira mweusi chini. Huu una mpira mwekundu na umefungwa plasta shingoni.

Ni wa Kipenga. Tumebadilishana msumarini.

Nikasema labda mpira umebadilika rangi kwa jua. Hata mimi nilijionea huruma. Dada yako akauleta puani, akaunusa. Kisha akaninusa mimi, nywele, bila aibu, kama anayenunua samaki. Ile dawa ya bwawa haitoki kwa sabuni. Nilingoja aseme kitu. Akaomba chai. Akanywa vikombe viwili, akasifu sukari, akaondoka na mkongojo wa askari wa barabarani.

Angenitukana ningepumua. Kesho atakohoa, kikao kitafunguliwa, na nitahamia karibu na jiko kama sufuria.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilijipanga vizuri. Kikao saa nane mchana, saa ya goti kupoa. Nikapika mwenyewe, nikabeba sinia mwenyewe, nikichechemea kidogo tu kwa kumbukumbu ya asubuhi.

Mkwe akasema taratibu kwamba wiki iliyopita lilikuwa la kushoto.

Nikaangalia miguu. Nilikuwa nachechemea na wa kulia. Nikasema limehamia. Mapacha wakafurahi sana, wakaanza kuzunguka meza wakichechemea, mmoja kushoto mwingine kulia, wakiguna kama mimi. Wananiiga vizuri, lazima niseme. Kitinda mimba akauliza kwenye simu ni nini hicho kinachoguna.

Kijana akaeleza habari ya chumba na mpangaji. Alieleza kwa upendo, ndiyo shida yake, huwezi hata kumkasirikia. Akamaliza. Dada yako akakohoa.

Nilifumba macho. Akasema yeye goti hilo analijua. Alikuwa nalo mwenyewe. Ni goti la mishipa, huhama, na wasiojua hudhani mtu anajifanya. Daktari wa uhakika alimwambia tiba yake ni moja, maji mengi, ya bwawa, mara tatu kwa wiki, asubuhi na mapema. Asiposhughulikiwa hivyo mgonjwa hulala kitandani moja kwa moja, na huko kwa kijana hakuna bwawa karibu, hapa lipo. Ngazi za nyuma ndizo mazoezi yenyewe. Na kubeba watoto, marufuku kabisa. Akamtazama mkwe. Mkwe akasema ndiyo, Shangazi.

Mpangaji akapigiwa simu palepale.

Nilimsindikiza dada yako hadi getini. Nilitaka kumshukuru. Akasema nisijisumbue, atanipitia Jumatatu saa moja, na nimtafutie vazi la kuogelea lenye mikono, yeye si mtu wa kuonesha mabega. Nikauliza na lile goti lake la zamani? Akasema goti gani.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kijana alibaki nyuma kuosha vyombo, jambo ambalo hafanyi hata kwake, akaniambia amechukua ruhusa kazini. Kesho atakuja bwawani kukaa nami. Mama mgonjwa haachwi peke yake majini.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mzee wangu, ungekuwepo.

Kijana alikaa kwenye benchi la ukingoni, taulo langu mapajani, viatu vinang'aa. Mimi na dada yako tukaingia kubadilisha nguo, nikawaambia wenzangu. Mama Keki akachungulia mlangoni, akasema yule kijana wa benki? Anafanya kazi na mwanawe wa kwanza, atamsimulia yote. Kipenga akasema hata binti yake ni mteja wao. Dada yako na Kipenga wakarudishiana mikongojo, na ule wa akiba nikapewa mimi. Kisha kila mmoja akachukua mkongojo wake.

Tulitoka kwa mstari. Nadhani mwalimu hajawahi kuona kitu kama kile. Mama Keki mbele, mgongo umepinda kama kijiko, Kipenga akiyumba kwa kizunguzungu, mimi na goti, dada yako nyuma kabisa akiugua kwa sauti bila kutaja anaumwa nini. Mwalimu akauliza kwa upole kama tumefiwa.

Tulishuka majini kwa ngazi, mmoja mmoja, tukisaidiana. Mama Keki alivumilia muda mfupi tu. Kisha akatoka, akapanda ukingoni, akanyoosha huo mgongo wote na kuruka. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka ugonjwa wake.

Dada yako anaogelea. Sikujua. Alinizunguka mara mbili, akageuka chali kama yuko kitandani. Nikamwambia mbona wewe, mdogo wake, hukujua kuogelea. Akacheka. Akasema wewe ulikuwa unaogelea kuliko watoto wote wa mtaa wenu, ulikuwa unachapwa kwa ajili hiyo.

Nikasimama palepale, maji kifuani. Mwaka ule tulipokwenda ziwani nilikataa kuingia, niliogopa. Ukasema hata wewe na maji hamwelewani. Ukakunja suruali, ukakaa nami mchangani siku nzima, umeshika viatu vyangu, unawatazama wengine. Nilidhani tunaogopa wote.

Basi nikaogelea. Sikuvuka upana, nilikwenda urefu, kutoka mwisho huu hadi ule, nikilia kidogo, maana majini hakuna anayejua. Nilipogusa ukuta nikainua kichwa, viatu vinavyong'aa vilikuwa mbele yangu. Kijana alikuwa amesimama, amekumbatia taulo, mdomo wazi. Akasema, "Mama, kumbe." Akasema laiti baba angeona. Akasema hakujua kwamba naweza, na kama ningemwambia tu, asingenigusa wala nyumba asingeigusa.

Ilikuwa saa nzuri ya kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema ni maji tu ndiyo yananiwezesha, nikitoka nje goti linarudi. Nikatoka, nikachechemea hadi benchini. Wa kushoto, nilihakikisha.

Akafikiri. Uso ukamng'aa. Akasema basi jibu limepatikana. Darasa la watoto liko saa hiyohiyo, upande wa maji mafupi, amekwisha kuongea na mwalimu. Kwa kuwa ndani ya maji siumwi, mapacha waje nami, niwashike humohumo.

Mapacha. Na maji.

Nikashika sikio. Nikasema ndani panavuma, tangu jana panavuma, sikutaka kuwasumbua. Niliona nimemaliza kazi. Kijana akanifunika taulo hadi kichwani, akasema sikio si la kuchezea, kesho saa nne ananipeleka kwa daktari, na mpaka lipone nisikanyage bwawani. Nyuma yangu nilimsikia Mama Keki akizama kwa makusudi ili acheke.

Sina wasiwasi. Nimekwisha kupanga. Daktari atakuta sikio limepona, lakini si sana. Limepona kiasi cha kuingia majini, halijapona kiasi cha kustahimili kelele za watoto. Ni suala la kipimo tu, na safari hii kipimo nakijua.

Huko uliko, usinicheke mbele za watu. Unikumbuke.