Azimio la Kuzaliwa Mara Moja

Inatangazwa kwa wasomaji wote, wachoraji wote, na mashujaa wote, walio hai, waliokufa, na waliokufa kwa muda, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo ulimwengu utakuwa mmoja tu. Kila jambo litakuwa limetokea mara moja, kwa utaratibu na kwa idhini.

Tangazo hilo lilibandikwa juu ya mtungi wa kahawa, ghorofa ya tisa, Kampuni ya Katuni ya Wickett, New York, mwaka 1986. Lilitiwa saini na Bwana Preston Haverkamp, Makamu wa Rais anayeshughulikia Ulinganifu. Cheo hicho hakikuwapo wiki iliyotangulia, na hakuna aliyejua kampuni ilikuwa imeishije bila hicho.

Maana mambo, tuseme ukweli, yalikuwa yamekwenda mrama. Mashujaa wa Wickett walikuwa wamepigana na wahalifu miaka arobaini na mitano bila hata mmoja kuota mvi. Ngurumo, shujaa mkuu wa kampuni, alipigana vita vya Ulaya akiwa na miaka ishirini na tisa, na mwezi uliopita tu alikata keki ya kutimiza thelathini. Mchumba wake alishakufa mara nne. Katika mazishi yake ya tatu mchumba mwenyewe alionekana waziwazi akilia mstari wa mbele, tena kwa kofia nzuri. Wasomaji, watu wenye muda wao, waliandika barua za kurasa kumi na moja kuuliza imekuwaje.

Aliyejua imekuwaje alikuwa mtu mmoja tu, Rosalind Czerwinski, mtunza kadi. Alikuwa na makabati kumi na mawili ya droo, na ndani ya droo kadi za kila mtu aliyewahi kutajwa katika majarida ya Wickett: kazaliwa wapi, kafa lini, kafufuka toleo namba ngapi. Alianza kazi hiyo msichana, sasa alikuwa anavaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Sheria yake ilikuwa moja na alifundishwa siku ya kwanza: kilichochapishwa kimetokea. Ukimwuliza kama ni kweli, atakuuliza toleo gani, ukurasa wa ngapi.

Dawa aliyoileta Bwana Haverkamp ilikuwa rahisi. Mashujaa wote mia tatu na kumi na wawili wangekusanywa mwezini, katika jarida maalumu la matoleo kumi na mawili liitwalo *Ulimwengu Mmoja*, wachapane mpaka ukweli upatikane. Wenye historia zisizoeleweka wangepigwa na mwanga mweupe na kutoweka. Wasingekuwa wamekufa, la hasha. Wangekuwa hawakuwahi kuwapo, jambo lenye heshima zaidi.

Kamati iliitwa kupitisha azimio. Bwana Haverkamp alikaa kichwani pa meza, nyuma yake picha yake mwenyewe akikaa kichwani pa meza hiyohiyo.

“Kifungu cha kwanza,” alisoma. “Yeyote aliyechapishwa na kampuni hii akiwa na asili mbili zinazopingana, huyo hakuwahi kuwapo. Alichobuni, alichoanzisha na alichotia saini ni batili. Idara zote zitatekeleza ndani ya siku mbili bila kuuliza maswali.”

“Swali,” alisema Rosalind.

“Mama, si nimesema bila maswali?”

“Azimio halijapita bado, bosi. Nataka kujua droo zipi. Ni hadithi peke yake, au na ukurasa wa barua? Na ile safu yako ya kila mwezi, na matangazo ya peremende?”

Bwana Haverkamp akaona mtego wa wasomaji. Watu hao wangeweza kuchimbua sentensi moja katika ukurasa wa barua wa mwaka arobaini na saba, wakaifanya ushahidi, na ulimwengu ukavurugika upya. Akapiga meza.

“Kila kitu! Jalada hadi jalada! Hata peremende! Sitaki mwanya, sitaki tundu la sindano. Andika hivyo hivyo.”

Rosalind akaandika hivyo hivyo. Wote wakanyoosha mikono, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika. Ghorofa ya juu, kwa wenye kampuni, ambao biashara yao hasa ilikuwa supu ya makopo, azimio liligongwa mhuri bila kufunguliwa.

Sasa jina la kwanza lililoangukia kifungu cha kwanza lilikuwa Ngurumo.

Ngurumo alizaliwa mara mbili. Mwaka 1941 alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Delancey aliyepigwa na radi akiwa ameshika pasi. Mwaka 1958 ofisi ikaona mafundi cherehani hawana mvuto, ikamfanya mwanasayansi aliyepigwa na mawe ya angani. Kwa hiyo, kwa mujibu wa azimio, hakuwahi kuwapo. Angezaliwa upya katika toleo la kumi na mbili, mwanasheria kijana mwenye meno mazuri. Na pale ukurasa wa kwanza, kwenye mstari mdogo uliosomeka kwa miaka arobaini na mitano *Amebuniwa na Irving Zuckerbrot*, sasa ungesomeka *Amebuniwa na Preston Haverkamp*.

“Bosi,” Rosalind alisema, “Irv bado yu hai. Huja hapa kila Alhamisi.”

“Nani?”

“Zuckerbrot. Aliyemchora.”

“Mama, unanisikiliza kweli? Amechora kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Mtu wa namna hiyo tunamwonea huruma, lakini hatumwandiki jina. Umwambie wewe, kwa upole. Wewe una sura ya upole.”

Alhamisi Irv akaja kama kawaida, mzee wa miaka sabini na nane, koti limemzidi, mkononi mfuko wa karatasi wenye mkate wa nafaka ya rai uliojazwa nyama ya ng’ombe ya moshi na haradali. Siku zote aliukata katikati: nusu yake, nusu ya Rosalind, na tango la siki walilishindania.

Rosalind akamwambia. Hakujua namna ya kulizunguka, akalisema lote.

Irv akatafuna polepole. “Kwa hiyo mimi sikumzaa.”

“Ndivyo karatasi inavyosema.”

“Na pasi je?”

“Pasi gani, Irv?”

“Ile pasi ya radi. Ilikuwa ya baba yangu. Kilo sita, ilimwunguza mkono hapa, unaona? Nilimchora na alama hiyo. Ngurumo anayo mpaka leo kiganjani, hao vijana wanaichora hawajui ni nini.” Akaufunga mfuko tena ingawa mkate ulikuwa haujaisha. “Roz, miye sikupata nyumba kwa huyu jamaa, sikupata gari. Nimepata mstari mmoja, herufi ndogo kama sisimizi. Mke wangu, marehemu Pearl, alikuwa akienda dukani anafungua jarida, anausoma, analirudisha. Halinunui! Anausoma tu, basi, anarudi nyumbani anacheka.”

“Najua.”

“Mwambie bosi wako achukue mwezi, achukue na meno. Aniachie mstari.”

“Hataki, Irv.”

“Lo. Basi kula tango.”

Hakuna aliyeligusa, hata Irv mwenyewe. Irv alipoondoka, Rosalind alivua miwani zote mbili akalia waziwazi, mlango ukiwa wazi, na mchoraji mmoja aliyepita na karatasi yenye mashujaa tisini, wengine bado hawana vichwa, alidhani analilia kazi yake, akampa pole.

Naam, na kazi yake nayo ilikuwa inaisha. Ulimwengu ukishanyooka, kadi za nini? Alikuwa amebakiwa na jukumu moja: kupitia droo zote, herufi kwa herufi, kupeleka kila mwenye asili mbili kwa idara husika, kisha azime taa. Mtumishi mwingine angelipualipua kazi. Rosalind hakuwa na tabia hiyo. Alianza na A. Akamfuta Askofu wa Chuma. Akamfuta Bibi Barafu na mumewe. Akafika H.

Kadi ilikuwa pale, nyuma ya Hatari, Daktari. Aliiandika mwenyewe kwa mkono wake, maana kilichochapishwa kimetokea, na Bwana Haverkamp alikuwa anachapishwa kila mwezi katika safu yake, *Baraza la Preston*, ambako hupenda kujisimulia.

*Haverkamp, Preston. Toleo la 88, mwaka 1971: mtoto wa muuza maziwa wa Brooklyn; alianza Wickett akipanga barua za wasomaji; ana miaka 24. Toleo la 184, mwaka 1979: mtoto wa tajiri wa meli wa Boston, aliajiriwa moja kwa moja kuwa mhariri, ana miaka 26.*

Rosalind akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akasoma tena. Kisha akatoa fomu, akaijaza kwa herufi kubwa, akaambatisha nakala za kurasa zote mbili na nakala ya azimio lenye mhuri wa watu wa supu, akaipeleka kwa Lorraine Tuttle, idara ya utumishi. Katika kisanduku cha “Maoni ya mtunza kadi” aliandika: *Hakuna. Ni utaratibu.*

Lorraine alikuwa mwanamke aliyeheshimu fomu kuliko watu, kwa sababu fomu hazikumjibu vibaya. Alitekeleza kabla siku mbili hazijatimia.

Jumatatu ya uzinduzi, Bwana Haverkamp alifika na tai mpya akakuta mlango wake hauna jina, ndani hamna meza, na ukutani pana mraba mweupe palipokuwa na picha. Alishuka idara ya utumishi kwa ngazi, akihema.

“Lorraine! Ofisi yangu iko wapi?”

Lorraine akamtazama kwa adabu. “Nikusaidie, bwana? Una miadi?”

“Miadi gani? Ni mimi, Preston!”

“Preston Haverkamp hajawahi kuwapo. Nina karatasi yake hapa. Kazaliwa Brooklyn na kazaliwa Boston, na katika miaka minane kakua miwili. Ni kesi iliyo wazi sana. Hata Ngurumo hakuwa wazi hivi.”

“Ile ilikuwa chumvi tu! Safu inahitaji chumvi! Sasa si unaniona? Nimesimama mbele yako!”

“Na Ngurumo alikuwa anaruka juu ya majengo, bwana. Hilo halikumwokoa.”

Bwana Haverkamp akageuka, akamwona Rosalind amesimama mlangoni na kadi zake. “Wewe! Umenifanyia hila!”

“Nimefuata azimio, bosi. Jalada hadi jalada. Niliuliza, ukapiga meza.”

Hapo ndipo alipopata wazo, na uso wake ukang’aa, kwa kuwa hakuwa mjinga kabisa. “Ngoja! Kama mimi sikuwahi kuwapo, hilo azimio lilitiwa saini na nani?”

Lorraine akalichukua azimio, akaligeuza mbele na nyuma.

“Swali zuri sana,” alisema. “Halikutiwa saini na mtu.” Akachukua mhuri mwekundu, akalipiga pwa! “Batili. Rosalind, wapigie simu kiwanda cha uchapaji. Ngurumo ni yule wa zamani, na mstari ubaki wa zamani. Zucker nani?”

“Zuckerbrot,” alisema Rosalind, akinyanyua simu ya Lorraine kwa furaha. “Z, U, C, K. Nitawatajia herufi moja moja.”

“Safi!” alisema Bwana Haverkamp, anafuta jasho. “Basi azimio limekufa, na mimi nimerudi. Niletee meza yangu.”

“Ah, hapana. Ngurumo yupo dukani, watu wanamnunua, kurudi kwake ni simu moja. Wewe umefutwa kwa fomu, utarudishwa kwa toleo maalumu. Na matoleo ya mwaka huu yamejaa, labda kiangazi kijacho.” Lorraine akalainika kidogo. “Lakini kuna nafasi ya kuzaliwa upya. Tunachukua asili moja tu, ile yenye ushahidi. Boston sina kitu. Brooklyn ninayo saini yako ya kupokea aproni, chumba cha barua.”

Ghorofa ya juu waliarifiwa kwamba cheo cha Ulinganifu kimeonekana hakikuwapo. Walisema hawakuwa wamekisikia, wakaendelea na supu. Makabati kumi na mawili yalibaki mahali pake, kwa kuwa ulimwengu ulikuwa bado umevurugika vizuri tu.

Alhamisi Irv akaja na mfuko wake. Rosalind alimfungulia jarida jipya, lina harufu ya wino bado, ukurasa wa kwanza. Mzee akausoma mstari, akausoma tena, akalifunga jarida akalirudisha mezani kama alivyokuwa akifanya Pearl, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona kule pembeni mtu mwenye aproni, tai nzuri ndani yake, amezungukwa na magunia ya barua.

“Yule nani?”

“Mpya,” alisema Rosalind. “Hana historia.”

“Maskini. Njoo, kijana, ule tango. Unaitwa nani? Umetoka wapi?”

Yule mtu akamtazama Rosalind kwanza. Rosalind alikuwa amekwisha kutoa kadi nyeupe, penseli imechongwa.

“Jibu tu,” alimwambia kwa upole. “Ila liwe lilelile siku zote.”