Mrija wa Kupimia Lualaba

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Mbaraka wangu kanibusu mbele ya mbuzi wa jirani! Mwezi mzima wa ndoa na bado natetemeka. Ila mama yake, Mama Safia, ananiita "mugeni" mpaka leo. Nimepata dawa. Mwaka 2002, vitani, mtumbwi wa baba mkwe, wenye motere, yaani injini, ulipigwa risasi ukazama naye hapa mtoni Lualaba. Hajazikwa. Nitamtafuta mimi! Simu ndani ya chupa, taa imewaka, kamera inarekodi, naishusha kwa kamba. Maji ni tope, kwa hiyo lazima nijue chupa imefika kina gani. Fizikia sikuisoma bure.

Jumanne, 6 Agosti
Kipimo tayari! Mrija wa serumu, ule wa dripu ya hospitali, ndani wino, ncha ya juu nimeziba kwa nta ya mshumaa. Kina kikizidi, maji yanabana hewa na kupanda. Wino ulipofutika, ndipo nasoma. Shemeji Abdoul, msukuma mitumbwi, kauliza kama natibu mto malaria. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu! Mbaraka kasema nina akili. Macho yale!

Alhamisi, 8 Agosti
Tumeshusha pale mtumbwi ulipozama. Simu imekufa. Zawadi yangu ya harusi! Lakini mrija: wino wote umefutika, hadi juu. Kina kisicho na mwisho! Nikamwambia Mama Safia, kwa upole, kwamba mumewe hafikiki tena. Alitoa sandukuni sanda aliyomtunzia tangu vita, akaikata vitambaa vya jikoni.

Ijumaa, 9 Agosti
Abdoul kaona vile vitambaa. Kachukua pondo lake la kusukumia, kaenda palepale, kachoma maji. Chuma! Maji yalimfika kifuani tu. Motere, na chini yake mifupa michache na pete ya fedha. Nta yangu ilikuwa imepasuka. Mrija ulijaa wenyewe. Mama Safia kashika pete, kauliza sanda iko wapi. Nikatoa shuka letu jeupe la harusi. Mbaraka kalia begani kwangu. Nampenda mno.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamezika. Mama Safia kaniita "mutoto wangu"! Abdoul anasema ni sababu ya shuka. Hapana, ni mrija: bila mrija nani angeenda mtoni?
Jioni kaja jirani, Mama Clémentine. Mumewe alizama vita ileile, upande wa Lokandu. Kauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kusaidiwa. Abdoul kajitolea na pondo lake. Nikamkatalia. Nikamwambia Mama Clémentine akalale, asiguse sanda yake mpaka nipime.
Nimenunua mshumaa mkubwa zaidi.